Sikio la Mwanvua

Siku hizo, Kindu nzima ni Musafiri peke yake aliyejua Kiingereza. Alikiokota Unguja alipokuwa mpagazi wa misafara, na kwa ajili ya lugha hiyo Mwinyi Abedi, mkubwa wa mji, alimkalisha ubavuni pake barazani. Basi Mwingereza mmoja mgonjwa alipoletwa kwa mtumbwi kutoka Lokandu, alilazwa kwa Musafiri, na mkewe, Mwanvua, akawa anampikia uji.

Siku ya tano mgeni akaomba kitu. Musafiri akatoka mbio, akarudi na mbuzi. Mwanvua akacheka, akatungua koti ukutani, akampa. Mgeni akashukuru.

"Nani alikufundisha?" Musafiri akamwuliza mkewe.

"Hakuna muntu. Nilisikia tu. Got njo mbuzi, kot njo koti."

Tangu hapo wivu ukamkwama Musafiri kama mwiba wa samaki. Angemfumania mkewe na mwanamume, angejua la kufanya; lakini sikio utalifanya nini? Kila alipomkuta akizungumza na mgeni, alimtuma mtoni, na mtungi umejaa.

Homa ilipopungua, mgeni akaitwa barazani aseme nia yake. Akasema. Mwanvua, aliyekaa na wanawake nyuma ya ukuta wa matete, akamnong'oneza mumewe, "Baba Riziki, anasema liiv. Anaondoka. Liv njo kuishi, ile unaikata. Hii ameivuta."

Musafiri alimsikia, tena alijua ni kweli. Lakini kuokota neno kinywani mwa mkewe, mbele ya wazee!

"Anasema ataishi kwetu," akatafsiri.

Mwinyi Abedi akafurahi, akaamuru mgeni ajengewe nyumba. Asubuhi ya tatu, watu wakifika na miti mabegani, wakamkuta mgeni ameketi mtumbwini, mizigo imepakiwa. Akawapungia mkono, akaenda zake.

"Musafiri," akasema Mwinyi Abedi, "kwenu nani anasikia Kiingereza?"

Wanawake wakajibu kabla yake: "Mwanvua!"

Toka siku hiyo, mgeni akija, aliyeitwa ni Mwanvua. Musafiri akanuna mwezi mzima. Chakula alikula kwa dada yake. Hata siku moja akamkuta mkewe anapepeta mchele, akachuchumaa mbele yake.

"Maneno gani mengine yanafanana?"

Mwanvua hakuinua uso.

"Iko mengi. Leta kuni kwanza."

Musafiri akachukua shoka, akaenda.