Kondoo Waliozaa Salama

"Mbane vizuri, mzee, huyu atanipigia chafya usoni!"

Nilimbana kondoo kati ya magoti. Daktari Clotilde akampulizia chanjo, tundu moja la pua, kisha la pili. Mwaka uliotangulia, vimelea vinavyoenezwa na kinyesi cha paka viliwaharibia kondoo wangu mimba ishirini na sita. Niliwazika wanakondoo hao kando ya mto Indre, bado hawajaota manyoya. Kwa hiyo watafiti walipotafuta zizi la kujaribia chanjo yao, sikusita.

"Na nyinyi wanawake? Si mnaambukizwa ugonjwa huuhuu?"

"Chanjo ya binadamu bado. Labda miaka kumi." Akacheka. "Kwa sasa heri uzaliwe kondoo."

Vuli ile Clotilde alishika mimba. Hakukanyaga tena zizini. Alisimama nje ya ua, nami nikimsomea namba za kondoo kwa sauti. Kila mwezi alipimwa damu kutafutwa vimelea hivyo, kama wajawazito wote kwetu ambao hawajawahi kuambukizwa, na kila mwezi alininyooshea dole gumba kutoka garini.

Mimba ilipofika miezi sita, hakunyoosha kitu. Nilimkuta ameshika usukani, injini imezimwa.

"Nimeambukizwa. Wamepima maji ya uzazi. Mtoto pia ana vimelea."

"Jipulizie basi ile yako!"

"Inakinga, Anselme. Haitibu."

Hakuwa amewahi kuniita kwa jina.

Nyumbani nilimuuliza mke wangu Huguette kama zile saladi tulizompa, za bustanini wanamopita paka, zilioshwa. Akaweka kijiko chini. "Niliziosha. Nadhani niliziosha." Kesho yake niling'oa bustani nzima. Haikumsaidia mtu.

Nilipomwungamia Clotilde, alinikatiza. "Jirani yangu ana paka watatu, mzee. Hutajua. Hata mimi sitajua."

Majira ya kuchipua, kondoo waliochanjwa walianza kuzaa. Kila mwanakondoo aliyesimama kwa miguu yake alinitia haya.

Mtoto wa Clotilde, Ombeline, alizaliwa na kovu ndani ya jicho la kushoto. Dawa zilifanya zilichoweza.

Alipotimiza miaka mitatu, mama yake alimleta. Mtoto aligeuza kichwa chote ili amwone mwanakondoo aliyekuwa ubavuni pake kushoto, akampapasa shingo. Clotilde alimtazama kitambo, kisha akafungua daftari.

"Mwaka huu wamezaa wangapi?"

"Arobaini na mmoja. Wote hai."

"Vizuri," akasema, akaandika.