Dakika Moja kwenye Karatasi ya Moyo

Tangu aolewe miaka tisa iliyopita, mke wa fundi seremala hakuwahi kuivana na shemeji yake. Karakana ilikuwa ya ndugu wawili, mumewe na mdogo wake, na mke aliapa kwamba huyo mdogo anahesabu siku tu abaki nayo peke yake. Shemeji akicheka, ana lake jambo. Akinyamaza, ndiyo kabisa.

Kwa hiyo asubuhi ile, alipoitwa mbiombio na kumkuta mumewe chali kwenye vumbi la mbao, shemeji akimkandamiza kifua kwa mikono miwili hadi mbavu zinalia ko, hakujiuliza mara mbili. Leo ameamua kummaliza.

Mlinzi wa benki jirani alikuwa ameleta mashine ya kushtua moyo na kumbandika fundi nyaya zake kifuani. Mashine ikatoa sauti: "Msimguse mgonjwa." Wote wakarudi nyuma. Mwili ukaruka, ukatulia. Papo hapo shemeji akarudi kukandamiza.

"Wewe! Si imesema asiguswe?" Mke akamkwida shati, akamvuta, akamng'ang'ania huku akipiga mayowe. Mashine iliendelea kusema, lakini nani angeisikia?

"Shemeji, niachie! Atakufa!"

"Si ndicho unachotaka!"

Wahudumu wa ambulensi ndio waliowatenganisha.

Mchana, fundi alikuwa hospitalini na mpira wa hewa kooni, hajazinduka. Mke alimjia juu daktari, akimnyooshea kidole shemeji: mbavu mbili zimevunjika, mbona huyu mtu hahojiwi?

"Ukikandamiza sawasawa, mama, mbavu huvunjika," daktari alisema, akakunjua karatasi ndefu iliyotoka kwenye mashine ile ya asubuhi. "Hapa moyo unatetemeka ovyo, hausukumi damu. Hapa mikono inausaidia. Hapa ndipo uliposhtuliwa, na mashine ikawaambia muendelee kukandamiza. Lakini tazama, karibu dakika nzima hakuna mkono. Ubongo ulikosa damu. Nani aliacha?"

 Mke akainamisha uso, akingoja kutajwa.

"Mimi, daktari," shemeji alisema. "Mikono ilichoka."

Wazo la kwanza lililomjia mke lilikuwa lile lile la siku zote: huyu anataka nini kwangu? Kisha aibu ikamshika. Hakuwahi kuamini hata neno moja la mtu huyu, na sasa aliomba kimoyomoyo daktari aamini hili.