Nguzo Tuliyoivisha Gunia

Jumanne, tarehe 14 Machi, mwaka 2023, saa tisa alasiri, shemeji yangu fundi seremala alimshukia mkewe, mdogo wangu, kwa nyundo, uani mwa nyumba tuliyopanga.

Uani hapo halmashauri ilikuwa imesimika nguzo yenye kamera na kitufe cha kuita msaada. Maofisa walikuja mara tatu kutuhimiza tukitumie. Waligawa karatasi, wakaenda zao. Hakuna aliyetuuliza tunahofia nini. Nasi tulihofia kuchunguliwa, tukaivisha nguzo gunia. Fundo nililifunga mimi.

"Leo utanitambua!" alinguruma shemeji.

Pigo la kwanza lilivunja mkono wa mdogo wangu. La pili lilipasua taya, meno mawili yakaruka chini.

"Shemeji, utaua!" nilipiga kelele.

"Nyamaza, mwanafunzi mwenye wajukuu! Kasome ukuta!" alinijibu, akidhihaki kisomo cha watu wazima nilichoanza uzeeni.

Dobi, jirani yetu, alimrukia mgongoni. Alipigwa kiwiko cha pua, akaanguka ndani ya beseni lake, maji yakawa mekundu.

Nilikimbilia nguzo. Fundo lilikataa, nililing'ata mpaka fizi zikatoka damu, gunia likaanguka. Nikabonyeza, nikaachia. Kimya.

"Si nilisema ni pambo hilo!" muuza mkaa, mpangaji mwenzetu, alipiga kelele kutoka chumbani alikojifungia.

Maandishi yalikuwepo chini ya kitufe. Nikayasoma silabi kwa silabi, huku nyuma yangu mdogo wangu akikoroma damu: shi-ki-li-a ha-di ta-a i-wa-ke. Nikashikilia. Nyundo ikanishukia begani, mfupa ukalia. Sikuachia.

Taa ikawaka. Sauti ya mwanamke ikasema, "Mwenye nyundo, tunakuona. Askari wanakuja."

Shemeji akaigeukia kamera, akaiponda kwa hasira. Dakika hiyo ilitutosha. Dobi alimkamata miguu, wanawake wakamwangushia meza ya kupigia pasi, tukamkalia mpaka askari walipofika.

Mdogo wangu yu hai. Sikio lake la kushoto, upande wa taya iliyopasuka, halisikii tena, na sehemu ya hatia hiyo ni yangu.

Kesho yake muuza mkaa alibisha hodi. "Mama, hebu nisomee ile nguzo. Polepole." Nyuma yake walipanga foleni wapangaji tisa. Walichokataa kwenye karatasi, walikikubali kwa kuona.

Ndugu msomaji, usibaki na habari hii peke yako. Msomee jirani asiyejua kusoma, kisha muulize anachohofia, umsikilize.