Mita ya Kiwanda cha Nyuzi

Kila asubuhi saa tatu, Mkadiriaji wa kampuni ya umeme alichonga penseli mbili, akachora mstari wa umeme ambao viwanda vingetumia kesho yake. Kampuni ilinunua umeme kwa kuufuata mstari huo, na kila kiwanda kilitia saini kwamba hakitauzidi wala kutumia chini yake. Kilichokosea kilitozwa faini.

Mwaka uliopita alikadiria kwamba kiwanda cha nyuzi kingefanya kazi hadi saa moja jioni. Meneja wa kiwanda, akihofia faini ya kutumia chini ya mstari, akafunga mlango kwa nje ili mtu asiondoke mapema. Saa kumi na mbili moto ukazuka. Wanawake kumi na tisa hawakutoka, mmoja wao akiwa kitinda mimba wa mama yake Mkadiriaji.

Mita ya kiwanda iling'olewa, ikawekwa rafuni ofisini, kando ya birika la chai.

Desturi ya ofisi ilikuwa kunakili makadirio ya wiki kama hiyo ya mwaka uliopita, kisha kurekebisha. Wiki ya ule moto ilipofika, Mkadiriaji alinakili kiwanda cha nyuzi pamoja na vingine. Mkono ukizoea hauulizi. Kesho yake saa mbili kamili, mita ikaanza kuzunguka.

"Waya hata mmoja haina," fundi wa mita akasema, akiifuta vumbi. "Lakini inaufuata mstari wako, mzee. Hata mkeo hakutii hivi."

Bosi akaja kutazama. "Hawayumbi wafanyakazi hawa," akasema. "Waache kwenye makadirio."

Mkadiriaji akatega sikio kwenye kioo cha mita. Alisikia mashine, na kikohozi alichokijua tangu utotoni. Akafuta mstari, akaandika sifuri.

Siku iliyofuata mita ikatulia. Saa nne ikalia simu kutoka namba ya kiwanda, iliyokatwa mwaka mzima.

"Kaka, ni wewe uliyezima mashine?"

"Ni mimi, mdogo wangu. Imetosha. Nendeni nyumbani."

"Kaka nawe! Tupite mlango upi?" Akakohoa. "Huku giza tupu. Afadhali jana, mashine zina taa."

Mkadiriaji akaitazama fomu ya makadirio. Ilikuwa na nafasi ya saa, ya kilowati na ya saini. Ya mlango haikuwamo. Akachonga penseli, akachora mstari mwembamba wa taa peke yake, tangu asubuhi hadi asubuhi.

Kesho yake mita ikazunguka taratibu, bila kukosea.

Mchana huo meneja wa kiwanda kipya cha mabati alikuja kutia saini fomu yake. Alipomaliza aliuliza kufuli imara zinauzwa wapi, na fundi wa mita akamwelekeza duka.