Mazoezi ya Baba Loth

Tangu Februari mume wangu Aminieli anabeba mawe. Anayapanga kwenye begi la mgongoni alilolinunua mitumbani Same, anavaa buti za mwanetu zinazombana vidole, anakunywa chai ya tangawizi, halafu anashika njia ya msituni kuelekea kilele cha Shengena. Hapa Chome majirani mwanzoni walimcheka, mzee mzima anahamisha mawe kutoka chini kuyapeleka juu. Walipojua sababu wakaacha kumcheka, wakaanza kunionea huruma mimi. Huruma yao sikuitaka.

Sababu ni Loth, mwanetu wa pekee. Alikuwa mgumu, ndivyo wanavyojiita wapagazi wa Kilimanjaro. Januari, wakiwa huko juu, alirudi kambini kufuata begi la mgeni lililosahauliwa. Ukungu ukashuka, na hakuonekana tena. Walimtafuta mpaka wakakata tamaa, kisha wakatuletea nguo zake na hizo buti, kwa sababu siku hiyo zilikuwa zimelowa na yeye alikuwa amevaa raba. Raba, kwenye baridi ile. Kila nikilifikiria hilo natamani kumpiga mtu.

Katika ukoo wetu mtu asiyepatikana huzikwa kwa mgomba. Baba yake anaukata kwa mkono wake mwenyewe, unavishwa sanda, unaombewa, unafukiwa shambani, na msiba unaisha. Bila mkono wa baba hakuna anayethubutu kuugusa. Wazee walipokuja kumkumbusha, Aminieli aliwajibu kwamba yeye hakuzaa mgomba. Angepanda Kilimanjaro mwenyewe amlete mtoto nyumbani.

Jeuri hiyo alipewa na Anold, kiongozi wa misafara aliyekuwa rafiki mkubwa wa Loth. Alimwambia kwenye simu kwamba chini ya jabali fulani kuna korongo ambalo halijatafutwa, na kwamba mvua zikiisha angempeleka mtu mmoja wa familia, mradi awe anaiweza wiki nzima ya baridi na hewa nyepesi. Ila kwanza apande Shengena na mzigo, alale huko, naye Anold aje kumwangalia kwa macho yake.

Basi nyumba ikajaa soksi za sufu, makoti ya mvua na tochi za kichwani. Aminieli akatamba. Mpare afundishwe kupanda mlima? Nilimwambia Shengena tunakwenda kuokota kuni, kule wanakwenda watu ambao vifua vyao vina kazi. Chake kiliharibiwa na vumbi la kiwanda cha mkonge huko bondeni alikomalizia ujana wake; akikohoa hushika ukuta. Tena nilimwambia mengine mabaya zaidi, kwamba ni yeye aliyemshawishi Loth aache shamba la tangawizi akafuate mlima. Nilikuwa nayasema hayo jioni, asubuhi namfungia makande ya njiani na kumfuata nyuma na mzigo wangu wa kuni, ili akianguka awepo wa kumwona. Sitaki kujifanya. Hata mimi nilikuwa na tumaini. Nilitaka mifupa ya mwanangu.

Anold alikuja Juni, tukapanda watatu, mimi nikiwa mpishi tu. Kwenye kijito cha kwanza Aminieli alikuwa hoi. Kwenye mteremko ambako miti inakuwa mifupi na kuota ukungu mashinani, alikaa chini, midomo imebadilika rangi. Anold alimbana kidoleni kile kidude cha kupimia hewa ya damu, akakitazama, akakirudisha mfukoni. Tulilala papo hapo. Asubuhi Aminieli alijaribu kusimama na begi, likamrudisha chini. Akageuza uso akalia. Habari ya Loth ilipokuja hakulia.

Nililichukua lile begi nikalivaa. Nikamwambia Anold tuendelee.

Tulifika kileleni kumetakata, na Kilimanjaro ilikuwa pale mbele yetu, nyeupe juu, imetulia kama haijamfanyia mtu kitu. Nilikuwa sihemi. Nilimpa Anold kidole changu.

"Nipime," nikasema. "Nitakwenda mimi."

Hakunipima. Alikaa kwenye jiwe, akavua kofia.

"Mama, hakuna korongo," alisema. "Tulitafuta kote. Mzee alikuwa ananipigia kila siku, nami kila siku sina la kumwambia. Nilijua kifua chake. Nikasema akifika hapa ashindwe, aone mwenyewe, arudi nyumbani azike. Wewe sikukufikiria."

Nilitamani kumsukuma gengeni. Nikamuuliza kama kuna mahali popote, hata pa kubahatisha. Akajibu kwamba ni mlima wote. Alitaka kuteremka akamweleze mzee mwenyewe, nikamkataza. Hilo lilikuwa langu.

Njia nzima niliyapanga maneno. Baba Loth, mtoto harudi. Baba Loth, twende ukakate mgomba. Tulimkuta amewasha moto na amekunja turubai vizuri, kama mtu anayetaka aonekane wa kufaa. Hakunitazama.

"Amesemaje?"

Mdomo ulifunguka na maneno yakawa tayari. Kisha nikauona mkono wake wa kulia ukikoleza moto, nikajua kwamba nikimaliza sentensi ile moja, mkono huo utashika panga.

"Amesema bado," nikamwambia. "Uongeze mazoezi."

Alifurahi. Mume wangu alifurahi kabisa, akaanza kutueleza makosa aliyoyafanya njiani na jinsi atakavyoyarekebisha. Anold alikuwa akitazama chini.

Siku hizi Anold hapokei simu. Wazee wakiniuliza, nawajibu kwamba baba bado anajiandaa. Kweli anajiandaa, kukipambazuka tu yumo njiani, nami nyuma yake, na wiki iliyopita aliponikabidhi leso nifue niliona damu. Mpanda mlima hakuna hapa. Mazoezi haya yatamuua, najua, na neno moja langu lingeyakomesha leo. Lakini siku nitakayolisema, kesho yake tutamzika Loth, na mimi ndiye ambaye sijawa tayari.