Kisima Namba Nne

1

TANGAZO KWA UMMA
Uongozi wa Mgodi wa Itumbula unasikitika kutangaza kwamba maji ya ardhini yameingia ghafla katika njia ya tatu, chini mgodini. Wachimbaji wote wametoka salama isipokuwa mmoja. Chanzo ni wizi wa maji uliofanywa na baadhi ya wanawake wa kijiji. Njia hiyo itazibwa kwa ukuta wa zege ili kuunusuru mgodi.

2

Isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja ana jina. Anaitwa Ambokile, anakoroma, hapendi maharage yaliyolala, na ni mume wangu. Mimi ni Subilaga, mmoja wa wezi.

3

Wewe unayesoma, kabla hujaniita mwizi, ngoja. Mgodi ulipoanza kuvuta maji ili makaa ya mawe yachimbwe pakavu, chemchemi yetu ilikauka. Tulikwenda ofisini, tukaambiwa tuvute subira. Mtoto hanywi subira. Pembeni ya shamba langu walikuwa wametoboa shimo jembamba lenye bomba la chuma, kifuniko na namba nne kwa rangi nyekundu. Tukavunja kufuli, tukafunga kopo refu kwenye kamba, tukawa tunachota kila alfajiri. Hakuna aliyetuambia shimo lile ni la nini.

4

MAELEZO YA MHANDISI WA MAJI, BWANA HYERA, MBELE YA KIKAO
Shimo lile hupima maji yamesimama wapi ndani ya mwamba. Vipimo vinaingia kwenye kompyuta, nayo hutuchorea mgodi na maji yake, tujue tuchimbe mpaka wapi. Kina mama wakishachota alfajiri, mpimaji akija asubuhi anakuta maji yameshuka. Kompyuta ikaamini mwamba umekauka, ikaonyesha tunaweza kuchimba mbele. Niliona alama za kamba kwenye bomba, nikamwambia meneja: wapeni kijiji maji, na msisogee mbele kabla ya kutoboa tundu la kujaribu. Nikajibiwa kwamba bajeti ya

(Hapa mwenyekiti alimkatiza.)

5

Getini, watu wawili:

— Amekufa huyo.
— Umemwona?
— Maji yale, nani apone?
— Nakuuliza, umemwona?

6

Hyera alinifuata nje. Alisema njia ya tatu inapanda kuelekea mwisho wake, kwa hiyo huenda hewa imenaswa huko juu, kama ndani ya kikombe ulichokizamisha kifudifudi kwenye beseni. Pampu zote zikipelekwa huko, maji yatashuka. Ila pampu kubwa zinalinda njia kuu, yenye makaa mazuri. Zikihamishwa, njia kuu italowa.

Nimeelewa.

Makaa yasilowe.

Ambokile alowe.

Nina hasira. Kulia nitalia siku nyingine, leo sina nafasi.

7

MAHITAJI YA UKUTA
Saruji: ipo.
Kokoto: ipo.
Mchanga: upo.
Maji: ya mgodini yana tindikali, yanakula saruji. Yachotwe kisima namba nne.

8

Soma tena mstari wa mwisho. Mimi niliusoma mara tatu, nikacheka peke yangu mpaka jirani akadhani nimerukwa na akili.

9

Sasa tumekaa juu ya kisima, wezi wote, na kanga tumejifunga viunoni. Mashine ya kuchanganyia zege inazunguka tupu. Meneja amekuja mwenyewe. Kwa upole kabisa alisema askari wako njiani, na kwamba kazi ni kazi.

"Mama, mnazuia uokoaji."

"Unamwokoa nani, baba?"

Akatoa simu mfukoni.

"Peleka pampu njia ya tatu," nikamwambia, "nasi tutainuka."

Akaondoka na simu sikioni.

10

Lori la askari limesimama getini. Huko chini, pampu moja ya njia kuu imenyamaza. Labda wanaihamisha. Labda wameizima tu.

Hatuinuki.