Kebo Iliyosoma Sufuri

"Baba, weka koleo chini," fundi alisema.

Baba yake hakuliweka. Alikuwa amepiga goti mbele ya kisanduku cha umeme cha kituo cha afya, meno ya koleo yakikaribia kebo nene ya kijivu. Tangu asubuhi swichi kubwa ilikuwa imejizima mara tatu, na kila mara wauguzi walikimbilia chumba cha watoto njiti kuwapakata wanne waliolala kwenye mashine za joto. Mkunga mkuu hakuzungusha maneno. Mashine zikizimika tena kwa muda mrefu, yule mdogo kuliko wote hatavuka siku.

"Kebo hii imekufa," mzee alisema. "Nimeibana kwa hiki kidude chako mwenyewe cha kupimia umeme. Sufuri. Naikata, napitisha mpya."

"Haijafa."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Leo atakayevunjika ni mkuu."

Mkunga yule, aliyesimama mlangoni, aliangalia pembeni. Fundi alisikia mashavu yakimchoma. Umeme hakuuogopa tena, alishajua tabia zake. Aliyemwogopa ni huyu aliyemfundisha kushika bisibisi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na ambaye yeye hakuwahi kumpinga mbele za watu. Hata hivyo aliupitisha mkono wake, ndani ya glavu nene, kati ya koleo na kebo. Akauacha hapo.

"Toa mkono, binti yangu."

"Sitoi. Humo ndani mna nyaya mbili, Baba. Mmoja unapeleka umeme, mwingine unaurudisha. Ukizibana pamoja zinafutana. Ni sawa na kusimama mlangoni ukaona kumi wanaingia na kumi wanatoka, halafu useme nyumba haijapitiwa na mtu."

Mzee alikitupia jicho kipimo. Zamani yeye alipima kwa kuukata waya na kuunga kipimo katikati, na aliporudi nyumbani mzima alijisifu kwamba ana mkono mwepesi. Mke wake aliuita ule wazimu wenye bahati.

Fundi alikichukua kipimo. Aliifuata kebo hadi ndani ya kisanduku, pale ganda la kijivu lilipoishia na nyaya zikaachana kila mmoja na ngozi yake. Akaufungua mdomo wa kipimo, akauzungushia waya mwekundu peke yake, akaufunga. Hakuna kilichokatwa wala kuchunwa.

Tisa, kioo cha kipimo kikasema.

"Ampia tisa za umeme zinapita," alisema taratibu. "Hii ndiyo kebo ya watoto."

Koleo liligusa sakafu. Mzee alibaki amelitazama, kisha akatazama ukuta ambao nyuma yake mtoto mmoja alikuwa akilia kwa sauti nyembamba. Binti yake alitamani kumshika bega, akaona aibu, akabana waya uliofuata.

Waya wa chumba cha dobi ulisoma thelathini na nane.

"Dada, huu ndio unaoilemea swichi kubwa. Waambie wazime hita ya kufulia," alimwambia mkunga, naye akatoka mbio. Baba na binti walikikodolea macho kioo. Thelathini na nane. Thelathini na nane. Nne.

Fundi alivuta pumzi ndefu. Zilibaki nyaya sita za kupima.

Mzee alivaa glavu zake, akanyoosha mkono, akapewa kipimo. Alizitenga nyaya kwa kidole, akachagua mmoja, akaubana peke yake.

"Macho yangu hayaoni tarakimu vizuri," alisema. "Huu unasomaje?"